Kizalishi cha tovuti tuli

Kizalishi cha tovuti tuli (wengine husema jenereta ya tovuti tuli) ni programu ya kompyuta inayosoma mafaili ya maandishi ya kawaida, mara nyingi yaliyoandikwa kwa mtindo wa Markdown, na kuyageuza kuwa kurasa kamili za HTML. Kazi hiyo hufanyika mara moja, kwenye kompyuta ya mwandishi, kabla msomaji hajafika. Msomaji anapofungua ukurasa, seva humpa faili lililokwisha kutengenezwa. Haitungi kitu kipya wala haiulizi hifadhidata.

Vizalishi vinavyojulikana sana ni Jekyll, Hugo, Pelican na Eleventy. Hata hivyo kizalishi kidogo kinaweza kuandikwa na mwanafunzi yeyote anayejua lugha moja ya programu, kama vile Python au JavaScript, na msimbo wake hauzidi kurasa chache. Kinachowashinda wengi ni mpango unaotangulia msimbo: mafaili yakae wapi, kila ukurasa upate anwani gani, na viungo viandikwe namna gani. Makala hii inaeleza zaidi mpango huo.

Tovuti tuli na tovuti hai

Kwenye tovuti hai kila ombi la msomaji huamsha programu kwenye seva. Programu hiyo husoma hifadhidata, huunganisha vipande na kutunga ukurasa papo hapo. Kwenye tovuti tuli ukurasa upo tayari. Tofauti yake inafanana na ile ya mwalimu anayeandika maelezo yaleyale ubaoni kila mwanafunzi anapoingia, na mwenzake aliyekwisha kuyachapa na kuyaweka mezani.

Faida ya kwanza ni wepesi. Faida ya pili, ambayo wengi huisahau, ni matunzo. Tovuti hai inahitaji lugha ya seva, hifadhidata na viongezo, na vyote vinahitaji kusasishwa. Mtunzaji akihama au akichoka, wadukuzi huingia kupitia programu iliyozeeka. Tovuti tuli iliyoachwa miaka mitano bado inasomeka, kwa kuwa haina programu ya kudukuliwa ndani yake. Bado neno la siri la akaunti ya seva linapaswa kulindwa.

Faida ya tatu ina uzito zaidi mahali ambapo intaneti ni ghali au haipo. Folda nzima ya tovuti tuli inaweza kunakiliwa kwenye flashi na kusomwa kwenye chumba cha kompyuta kisicho na mtandao, ilimradi viungo vyake vilipangwa kwa ajili hiyo. Sharti hilo litaelezwa hapa chini, maana ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote.

Tovuti tuli haifai peke yake pale ambapo seva lazima ikumbuke kitu kuhusu msomaji: kusahihisha mtihani, kupokea malipo, kuandikisha wanafunzi. Isitoshe, wepesi wake una mpaka. Ukurasa wa maandishi matupu huwa na kilobaiti chache, lakini picha moja iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti kadhaa, na hapo kizalishi hakina lawama.

Historia

Kurasa za kwanza za Wavuti, zilizowekwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa mafaili tuli. Mwaka 1993 ilianza njia iitwayo CGI, iliyowezesha seva kuendesha programu na kurudisha matokeo yake kama ukurasa. Tangu hapo tovuti hai zikaongezeka. Programu ya Movable Type iliyotoka mwaka 2001 ilikuwa katikati: ilitumia hifadhidata, lakini ilitoa kurasa tuli. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, ilitunga ukurasa kwa kila ombi, na kwa urahisi wake ikatawala.

Mwaka 2008 Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, alitoa Jekyll, iliyoandikwa kwa lugha ya Ruby. Mwandishi aliandika kwa Markdown, akatuma mafaili, na GitHub ikamtengenezea tovuti. Hugo, iliyoandikwa kwa lugha ya Go na kuanzishwa na Steve Francia, ilifuata mwaka 2013 na kupata sifa kwa kasi yake.

Markdown

Markdown ilitolewa na John Gruber mwaka 2004, kwa ushauri wa Aaron Swartz, ikiwa na programu ndogo ya lugha ya Perl ya kuigeuza kuwa HTML. Wazo lake lilitokana na desturi za watu walioandikiana barua pepe za maandishi matupu: walizungushia neno vinyota ili kulitilia mkazo, wakaanza vipengele vya orodha kwa vistari. Kwa hiyo faili la Markdown linasomeka hata kabla halijageuzwa. Mfano:

```
## Vita vya Majimaji

Vita hivi vilianza mwaka 1905 kusini mwa
Tanganyika, wakati wa utawala wa *Wajerumani*.

- [Kinjeketile](kinjeketile.md)
- [Mji wa Songea](../jiografia/songea.md)
```

Alama mbili za reli huwa kichwa cha ngazi ya pili, vinyota viwili huwa herufi nzito, kimoja huwa herufi za mlazo, na mabano mawili ya aina tofauti huwa kiungo.

Gruber alieleza mtindo wake kwa maneno ya kawaida tu, bila kanuni kali, na mambo mengi yakabaki na utata. Kila mwandishi wa programu akaamua kivyake. Mwaka 2014 John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Jeff Atwood na wengine, walitoa maelezo makali yaitwayo CommonMark, yenye mifano zaidi ya 600 inayoonyesha maandishi fulani yageuke kuwa nini hasa.

Utata huo unawapata hasa waandishi wa historia. Tuseme aya inaanza hivi:

```
1961. Mwaka wa uhuru wa Tanganyika.
```

Kwa Markdown, namba yenye nukta na nafasi mwanzoni mwa aya ni kipengele cha orodha ya namba. Programu ya awali ya Gruber huanza kila orodha na moja, hivyo mwaka 1961 hupotea na msomaji huona «1.» mahali pake. Programu zinazofuata CommonMark huhifadhi namba, lakini bado huifanya orodha. Dawa ni kuweka mkwaju wa nyuma kabla ya nukta: `1961\.` Mwaka unaopotea kimyakimya ni kosa baya kuliko programu inayokataa kufanya kazi, maana hakuna anayelishtukia.

Kwa sababu hiyo anayepanga kizalishi chake hana haja ya kuandika kichanganuzi cha Markdown mwenyewe. Atumie maktaba ya msimbo inayofuata CommonMark: kwa C ipo cmark, kwa JavaScript zipo commonmark.js na markdown-it, kwa Python ipo markdown-it-py. Kuandika kichanganuzi ni zoezi jema la darasani likiwekewa mipaka ya vichwa, aya, mkazo, viungo na orodha zisizo na orodha ndani yake. Zaidi ya hapo zoezi hugeuka kazi ya miezi.

Aina ya maktaba iandikwe mahali panapoonekana. Jekyll kwa kawaida hutumia kramdown na Hugo hutumia goldmark, na hizo mbili hazikubaliani katika kila jambo. Maandishi yaleyale yakihamishwa kutoka moja kwenda nyingine yanaweza kubadilika sura.

Kupanga mafaili

Tuchukue tovuti ya shule ya sekondari yenye maelezo ya masomo. Mpangilio unaotosha ni huu:

```
tovuti/
  maandishi/
    index.md
    historia/vita-vya-majimaji.md
    historia/kinjeketile.md
    jiografia/songea.md
    biolojia/mbuni.md
  violezo/
    ukurasa.html
  mali/
    mtindo.css
    picha/
  tokeo/
```

Folda ya `maandishi` ni ya mwandishi. `violezo` ina umbo la ukurasa: kichwa, menyu na mguu. `mali` hunakiliwa ilivyo. `tokeo` ni ya programu peke yake, na sheria yake ni moja: ifutike yote wakati wowote bila mtu kupoteza kitu. Mtu akianza kusahihisha makosa ya tahajia ndani ya `tokeo`, masahihisho yake yatafutika programu itakapoendeshwa tena.

Kwa kuwa programu hufuta `tokeo` kabla ya kuanza, iwekewe kinga. Isikubali kufuta folda ambayo ndani yake hamna alama iliyowekwa na programu yenyewe, kwa mfano faili tupu lenye jina maalumu. Njia ya folda ikikosewa herufi moja, kinga hiyo ndiyo inayookoa maandishi ya mwaka mzima.

Kichwa cha faili

Kila faili la Markdown linahitaji taarifa chache ambazo si sehemu ya makala, kama jina la makala na tarehe. Jekyll ilieneza desturi ya kuziweka mwanzoni kati ya mistari miwili ya vistari vitatu:

```
---
kichwa: Majimaji: vita vya 1905 hadi 1907
tarehe: 2024-03-09
---
```

Vizalishi vikubwa husoma sehemu hii kwa kanuni za YAML, na kwa YAML mstari wa kwanza hapo juu ni kosa, kwa sababu una nuktapacha mbili. Jina lingepaswa kufungwa ndani ya alama za mtajo. Kizalishi kidogo kinaweza kuwa na kanuni nyepesi zaidi: gawa mstari kwenye nuktapacha ya kwanza tu, kilichobaki chote ni thamani. Tarehe iandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, zote kwa tarakimu kamili. Hapo kupanga kwa herufi na kupanga kwa wakati huwa kitu kimoja.

Anwani za kurasa

Anwani ikishatolewa huandikwa kwenye madaftari, hutumwa kwa simu, huwekwa kwenye tovuti nyingine. Kuibadilisha ni kuvunja yote hayo. Msimbo unaweza kuandikwa upya mara kumi na msomaji asijue, lakini anwani anaijua.

Swali la kwanza ni kama anwani itokane na kichwa cha makala au na jina la faili. Kichwa kinavutia, ila kina hatari mbili. Mwandishi akikisahihisha, anwani hubadilika. Na makala mbili zinaweza kuwa na kichwa kimoja: neno «mbuni» ni ndege mkubwa asiyeruka, na pia ni mti wa kahawa. Zote mbili zikitoa `mbuni.html` katika folda moja, ya pili huifuta ya kwanza. Jina la faili ni salama zaidi, kwa kuwa mwandishi mwenyewe amelichagua na anaweza kuandika `mbuni-ndege.md` na `mbuni-mti.md`. Hata hivyo programu ihakikishe hakuna anwani mbili zinazofanana, na ikizikuta isimame na kutaja mafaili yote mawili.

Herufi zote ziwe ndogo, nafasi zigeuzwe vistari. Jambo hili lina sababu. Kompyuta ya Windows kwa kawaida haitofautishi `Songea.JPG` na `songea.jpg`, lakini seva nyingi hutumia Linux, na huko hayo ni mafaili mawili tofauti. Ndiyo maana picha huonekana nyumbani na kutoweka ikifika mtandaoni.

Kiswahili kina raha yake hapa, kwani karibu kila herufi yetu imo katika alfabeti ya kawaida ya kompyuta. Kinachobaki ni ritifaa ya *ng'*. Katika anwani iondolewe: `ng'ombe` iwe `ngombe`. Lakini ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda, ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe, ni herufi mbili kwa kompyuta; programu iondoe zote. Pia ikumbukwe kwamba *ng'oa* na *ngoa* ni maneno mawili, na baada ya kuondoa ritifaa yanakuwa anwani moja. Ukaguzi uliotajwa hapo juu utalinasa hilo.

Viungo vinavyofanya kazi bila mtandao

Watengenezaji wengi huandika njia za mafaili kwa kuanza na mkwaju, kama `/mali/mtindo.css`. Kwenye seva maana yake ni mzizi wa tovuti. Ukurasa ukifunguliwa kutoka kwenye flashi, maana yake ni mzizi wa diski, ambako folda hiyo haipo. Ukurasa hutokea bila rangi, bila picha, na viungo vyake havifiki popote. Anayetaka tovuti isomeke kwa namna zote mbili atumie njia zinazohesabiwa kuanzia ukurasa wenyewe. Ukurasa wa mwanzo utaandika `mali/mtindo.css`, ukurasa ulio ndani ya `historia` utaandika `../mali/mtindo.css`. Programu huhesabu folda zilizo juu ya ukurasa na kuweka `../` kwa kila moja.

Kwa sababu hiyohiyo ni afadhali anwani imalizikie na `.html`. Anwani zinazoishia na mkwaju zinapendeza, lakini zinategemea seva itafute `index.html` ndani ya folda. Bila seva, kivinjari huonyesha orodha ya mafaili tu. Wapo watakaosema anwani yenye `.html` ni ya kizamani. Kwa shule yenye kompyuta kumi na flashi moja, uzamani huo ndio unaofanya kazi.

Kati ya makala na makala, mwandishi aandike kiungo kwa jina la faili la Markdown, kama kwenye mfano wa Kinjeketile hapo juu. Programu itageuza `.md` kuwa `.html` na papo hapo itakagua kama faili hilo lipo. Kama halipo, itaje faili na kiungo chenye kosa, kisha ikatae kuendelea.

Kiolezo

Kiolezo ni ukurasa wa HTML wenye nafasi zilizoachwa wazi kwa ajili ya kichwa, mwili na njia ya mali. Mambo matatu yasikosekane: `lang="sw"`, ili programu zinazowasomea wasioona zijue kuwa maandishi ni ya Kiswahili; `charset="utf-8"`; na mstari wa `viewport`, ambao bila huo simu nyingi huonyesha ukurasa kwa maandishi madogo mno.

Kichwa cha makala kinatoka kwenye faili kikiwa maandishi matupu, hivyo alama kama `&` na `<` zigeuzwe kwanza. Mwili umekwisha kuwa HTML, usigeuzwe tena. Ukigeuzwa, msomaji ataona tagi zenyewe zikiwa zimeandikwa kwenye ukurasa. Tarehe nayo isiachiwe lugha ya programu, ambayo kwa kawaida itaandika mwezi kwa Kiingereza. Orodha ya majina kumi na mawili, Januari hadi Desemba, inatosha.

Mpangilio wa kazi

Wanaoanza huandika programu inayosoma faili moja, ikaligeuza, ikaliandika, kisha ikaenda kwenye faili linalofuata. Njia hiyo hukwama mara ukurasa wa mwanzo unapotakiwa kuorodhesha makala zote, kwa kuwa wakati unaandikwa makala nyingine bado hazijasomwa. Ni vema kazi igawanywe:

```
soma mafaili yote ya maandishi
kwa kila faili: tenga kichwa cha faili na mwili, pata anwani
kagua: anwani zinazogongana, viungo visivyofika
kama kuna kosa: yataje makosa yote, simama
futa tokeo
kwa kila faili: geuza mwili, jaza kiolezo, andika
nakili mali
```

Kufuta kunakuja baada ya ukaguzi. Kukiwa na kosa, tovuti ya jana inabaki ilivyokuwa.

Kuna mambo mengi ya kuacha. Kugeuza mafaili yaliyobadilika pekee kunaonekana ni busara, lakini kwa makala mia mbili tatu kompyuta ya kawaida humaliza kazi yote kwa sekunde chache, na hesabu ya kujua kipi kinategemea kipi ni chanzo kikubwa cha makosa. Viongezo na mitindo ya kubadilisha navyo vingoje.

Jambo moja lisingoje iwapo waandishi ni wengi. Markdown inaruhusu HTML ndani yake, hata tagi ya `script`, yaani msimbo utakaoendeshwa kwenye kompyuta ya msomaji. Maktaba nyingi zina chaguo la kuzuia HTML hiyo, na kwa maandishi ya watu usiowafahamu lichaguliwe.

Kuweka mtandaoni

Yaliyomo kwenye `tokeo` hunakiliwa kwenye seva, na tovuti inakuwa wazi. Nakala za akiba zichukuliwe za `maandishi`, `violezo` na `mali`, `tokeo` haihitaji. Makala ikifutwa kwenye kompyuta ya mwandishi, faili lake la zamani linaweza kubaki kwenye seva na kuendelea kusomwa, kwa hiyo njia ya kunakili iwe inayoondoa pia yaliyozidi.

Ikitokea anwani lazima ibadilike, faili dogo la HTML liachwe kwenye anwani ya zamani, likiwa na tagi ya `meta` inayompeleka msomaji kwenye anwani mpya, pamoja na kiungo cha kubofya kwa ambaye kivinjari chake hakikumpeleka. Kizalishi kinaweza kutengeneza mafaili hayo chenyewe kutoka kwenye mstari mmoja wa kichwa cha faili, kwa mfano `zamani: historia/majimaji.html`, na anwani hizo za zamani ziingizwe kwenye ukaguzi wa migongano kama nyingine zote.